Somo nalielewa, ila nikisimama mbele ya darasa kila kitu kinapotea. Nifanyeje?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Nasoma diploma ya maendeleo ya jamii, mwaka wa kwanza. Tuna somo la Stadi za Mawasiliano, madesa nayajua yote na test ya kwanza nilifanya vizuri tu. Shida ni presentesheni. Wiki iliyopita grupu letu lilinipa sehemu yangu, kufika slaidi ya pili sauti ikakata, nikasahau kila kitu, darasa likacheka. Lekchara akaniambia nijiamini. Baada ya wiki 3 kila mtu anapresenti peke yake, dakika 10, kwa Kiingereza, maksi 15. Mi nimesoma shule ya kata, Kiingereza changu cha kuungaunga. Je, nikariri yote neno kwa neno? Alafu kwenye notsi imeandikwa asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, maneno ni 7 tu, kwa hiyo nikazanie mikono na macho? Naomba msaada mwalimu."

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa yaliyokukuta. Nimefundisha somo hili miaka 11 na swali kama lako nalipata kila muhula, na mara nyingi anayeuliza ni mwanafunzi mwenye daftari safi na test amefaulu, kwa hiyo usidhani uko peke yako au kichwa chako kina kasoro.

Nianze na hilo neno "jiamini" maana linaniuma. Kumwambia mtu aliyeishiwa sauti mbele ya watu 40 kwamba ajiamini ni sawa na kumwambia mwenye homa apone. Kujiamini hakuji kwa kuamua, kunakuja baada ya mwili kufanya kile kitu mara kadhaa ukaona kumbe unapona. Na hapa ndo penye kosa la namna tunavyolifundisha somo lenyewe vyuoni, yaani ni somo la ufundi lakini tunalipeleka kama historia. Unafundishwa aina za mawasiliano, vikwazo vya mawasiliano, ule mchoro wa Shannon na Weaver wa 1949 wenye mtumaji na mpokeaji na kelele katikati, unameza, unajibu test, maksi unapata, alafu siku ya kusimama unakuta mdomo wako haujawahi kuifanya hiyo kazi hata mara moja. Fundi cherehani hafundishwi kwa maana ya sindano. Kwa hiyo jibu langu kwa kifupi ni hili, mengine yote ni maelezo yake: maneno yako lazima yapite mdomoni kwa sauti, mara nyingi, kabla ya siku yenyewe, na yaanze kupita kwa Kiswahili.

Sasa tuone kwanza hiyo sauti ilikwenda wapi. Ukisimama na macho yote yakakugeukia mwili unadhani kuna hatari, adrenalini inamwagika, moyo unakimbia, mate yanakauka, mikono inatetemeka, na pumzi inapanda juu kifuani inakuwa fupifupi. Sauti ni pumzi. Pumzi ikiwa fupi na koo limekaza sentensi inaishia katikati, unasikia umekatika, unaogopa zaidi, pumzi inafupika tena, basi hapo slaidi ya pili imeshakushinda. Dawa yake ni kutoa pumzi, watu wengi wanakazania kuvuta tu. Kabla hujaitwa ukiwa umekaa pale kwenye kiti toa pumzi taratibu mpaka iishe, iwe ndefu kuliko ulivyovuta, fanya hivyo mara 5 au 6, mapigo yanashuka na hakuna mtu atakayejua unafanya nini. Na ukishafika mbele usianze kuongea huku unatembea. Simama, miguu yote miwili chini, angalia watu, toa pumzi, ndo useme.

Kuna kitu kingine mtafiti wa Harvard, Alison Wood Brooks, alikionyesha mwaka 2014. Watu waliokuwa wanaenda kuhutubia, wengine walitakiwa wajiambie wametulia, wengine wajiambie wana hamu na hilo jambo, na hawa wa pili ndo walioongea vizuri zaidi machoni pa waliowasikiliza. Sababu inaeleweka, maana kutoka kwenye hofu kwenda kwenye utulivu ni safari ndefu sana, lakini hofu na mzuka mwilini vinafanana, moyo ni ule ule unakimbia. Kwa hiyo usijidanganye kwamba umetulia wakati magoti yanakataa. Jiambie nina mzuka, na useme kwa mdomo, hata kwa kunong'ona.

Kuhusu kuchekwa. Najua inauma, na nisikudanganye kwamba hawakucheka. Ila nataka ujue wanachokiona wao ni kidogo kuliko unachokisikia wewe ndani. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani walitoa majibu ya jaribio moja ambalo wanafunzi walivalishwa tisheti yenye sura ya mwimbaji Barry Manilow, tisheti ya kuonea aibu kwa rika lao, wakaingizwa kwenye chumba chenye wenzao. Mvaaji alikuwa anakadiria kwamba kama nusu ya waliomo wameona ni nani yuko kwenye tisheti, kumbe walioona ni kama robo tu. Miaka mitatu baadae wawili kati ya hao watafiti wakaenda kwenye hotuba zenyewe, wakakuta msemaji anadhani hofu yake inaonekana wazi wakati wasikilizaji hawaioni kiasi hicho, na kizuri zaidi wale wasemaji walioambiwa jambo hili mapema waliongea vizuri kuliko wasioambiwa. Ndo maana nakuambia na wewe sasa hivi, wiki 3 kabla.

Asilimia 93. Hii kitu nimeikuta kwenye madesa ya vyuo vingi mno, inanakiliwa mwaka hadi mwaka. Inatoka kwa mwanasaikolojia Albert Mehrabian, mwaka 1967. Alichokuwa anapima ni kitu chembamba sana, kwamba mtu akisikia neno moja limetamkwa kwa sauti fulani, au likaambatana na picha ya sura fulani, atahisi msemaji anampenda au hampendi. Neno moja tu! Siyo hotuba, siyo somo, siyo presentesheni ya maendeleo ya jamii. Na Mehrabian mwenyewe amesema hizo namba zinahusu hisia na mitazamo tu, pale ambapo maneno ya mtu na sura yake vinapingana. We fikiria simu tu. Kwa hesabu ile sura peke yake ni asilimia 55, maana yake ukipiga simu zaidi ya nusu ya ujumbe imepotea, sasa mbona watu wanachangishana harusi kwa simu, wanauza gunia za mahindi kwa simu, wanapatana bei na gari linapakia bila kuonana? Kwenye mtihani kama swali limekuja andika zile namba na mwaka wake, alafu ongeza sentensi moja kwamba zinahusu hisia, lekchara makini atafurahi. Lakini usiende kujifunza kurusha mikono mbele ya kioo. Mikono ukiisahau itajiongoza yenyewe kama inavyojiongoza ukiwa unamsimulia rafiki yako mechi. Macho sawa, yafanyie kazi kidogo, chagua nyuso 3 za watu wanaokutakia mema, mmoja kushoto mmoja katikati mmoja kulia, na kila sentensi impelekee mmoja wao mpaka iishe.

Haya, sasa tuje kwenye hili la Kiingereza, hapa nataka nikae kidogo maana naona ndo kiini cha shida yako hata kama hujalitaja hivyo.

Umesoma miaka 7 ya msingi kwa Kiswahili, kidato cha kwanza ukageuziwa lugha, na sasa uko chuo. Ukisimama pale kichwa chako kinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kutafuta hoja na kuitafsiri, wakati huo huo unapambana na hofu ambayo nayo inakula nafasi. Hamna kichwa kinachobeba vyote hivyo. Wengi wanaona suluhisho ni kuandika kila kitu kwa Kiingereza kizuri cha kwenye gugo na kukimeza, na mi naona hapo ndo mnapojimaliza, maana sentensi ulizomeza si zako, zina maneno ambayo hujawahi kuyatumia hata siku moja kwa mdomo wako, ukisahau moja tu mlango umefungwa na huna pa kupitia. Mi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza chuo niliandika kurasa 4, nikazimeza zote, neno la tatu la aya ya pili likapotea na nilisimama kimya mpaka mwenzangu akaja kunipokea karatasi. Nakumbuka mpaka leo lile neno lilikuwa lipi. Kwa hiyo swali lako la kukariri jibu ni hapana. Kariri sentensi 2 za kufungulia, maana pale hofu ndo iko juu kabisa, na sentensi moja ya kufungia ili usimalize kwa kujiumauma. Katikati kariri njia.

Kariri njia maana yake nini? We umeshaona mshenga akipeleka posa? Haendi na karatasi. Anabisha hodi, anasalimia wakubwa, anaomba ruhusa ya kusema, anazunguka kidogo na ua aliloliona kwenye bustani ya watu, anatua, ananyamaza wajadili. Maneno anayotumia leo si yale aliyotumia mwaka jana kwa familia nyingine, lakini njia ni ile ile na anajua vitu vichache tu kwa uhakika, ametumwa na nani, anataka nini, na kwenye mahari ana ruhusa ya kufika wapi. Umekulia kati ya watu wa namna hiyo. Umemsikia mweka hazina wa kamati ya harusi akieleza nani kalipa na nani kaahidi, na watu wakamwelewa na wakatoa hela. Ufundi wa kusema haukuletwa na somo la mwaka wa kwanza, uko kwenu tangu zamani, chuo kimekupa majina tu ya vitu ambavyo unavijua kwa masikio.

Tuchukue mfano. Tuseme mada yako ni kwa nini vikundi vya VICOBA, vile vya kuweka na kukopeshana, vinavunjika, inafaa kabisa kwa kozi yako. Unalijua lile sanduku lenye kufuli 3, funguo zinashikwa na wanachama 3 tofauti ili mtu mmoja asiweze kulifungua peke yake. Basi usianze na tafsiri ya neno VICOBA iliyochukuliwa mtandaoni, anza na lile sanduku. Waambie kuna sanduku lina kufuli 3 na bado hela zinaisha, leo nitawaonyesha zinapitia wapi. Alafu kila kufuli iwe hoja: ya kwanza mikopo inayotolewa kwa kujuana, ya pili viongozi wasiobadilishwa, ya tatu daftari la hesabu analoliona mtu mmoja. Ukishajenga hivyo hata taa zikizima unajua uko kufuli ya ngapi. Na msikilizaji naye anajua, ambacho ni kikubwa zaidi, kwa sababu anayesikiliza hana ukurasa wa kurudi nyuma. Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa vita ya Kagera dhidi ya Idi Amin mwaka 1978 kilichobaki vichwani mwa watu ni vitu 3, uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Angalia ilivyo nyepesi kuibeba. Mtu alisikia redioni akiwa shambani na akaenda kuisema kijiweni jioni bila kuandika popote.

Kwa hiyo mazoezi yako yaende hivi. Siku 4 za kwanza usiguse Kiingereza wala slaidi. Mkalishe rumeti wako, mweleze mada kwa Kiswahili kama unavyomwelezea umbea, kwa dakika 5, mwache akukatize na akuulize, pale atakaposema "sijaelewa hapo" ndo pana hoja mbovu, karekebishe. Rudia mpaka itiririke. Baada ya hapo andika kadi moja ndogo yenye maneno 5 au 6 tu, na sema ile ile kwa Kiingereza chako wewe, sentensi fupi, kitenzi unachokijua. Isemee simu, jirekodi. Mara ya kwanza kujisikiliza itakukera, kila mtu inamkera sauti yake, vumilia mpaka mwisho. Kila ukirudia usijilazimishe kutumia maneno yale yale ya jana, hii ni muhimu sana, maana ukishaisema hoja moja kwa namna 5 tofauti, siku ile namna moja ikigoma zipo 4 nyingine. Yale maneno ya kitaalamu ya mada yako hayatazidi 15, hayo ndo ukayatafute matamshi kwenye kamusi ya simu yenye sauti. Na usihangaike na lafudhi, shida yetu kubwa ni mkazo. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno, Kiingereza unahamahama, kwa hiyo neno kama development ambalo mkazo wake uko silabi ya pili kutoka mwanzo sisi tunaliegemea huku mwishoni, na msikilizaji mgeni anapotea. Rekebisha mikazo ya hayo maneno 15 utashangaa.

Wiki ya tatu tafuta chumba tupu jioni, darasa lenyewe ikiwezekana, simama pale pale utakaposimama, leta marafiki 3 wakae viti vya nyuma kabisa. Kama wa nyuma hasikii usipige kelele, fungua mdomo zaidi na punguza kasi. Anayeongea Kiingereza kwa kawaida anakwenda kama maneno 120 mpaka 150 kwa dakika, we na hofu yako pangia 100, na usijaze dakika 10 zote, andaa za 8, maana kuna kusalimia, kuna projekta kugoma, kuna kicheko. Slaidi 6 zinatosha, maandishi makubwa ambayo aliye nyuma anayasoma, na kwenye slaidi weka yale usiyoweza kuyasema kwa mdomo, picha ya lile sanduku, jedwali la hesabu. Zaidi ya yote fanya zoezi mara moja bila slaidi kabisa. Umeme ukikatika siku hiyo wenzako wataomba kuahirishiwa, wewe utaendelea.

Warumi wa kale waliigawa kazi ya mhutubiaji mara 5, kutafuta hoja, kuzipanga, kuzivalisha maneno, kuziweka kichwani, na kuzitoa. Nikiwaangalia wanafunzi wangu naona wanafanya la kwanza saa 5 usiku kwa kukopi na kupesti, alafu asubuhi wanaruka moja kwa moja mpaka la tano. Tatu za katikati ndo zinakula zile wiki zako 3.

Maswali baada ya kumaliza wengi yanawatisha kuliko hotuba yenyewe. Rudia swali kwa maneno yako, hiyo inakupa sekunde 10 za kufikiri na inahakikisha umelielewa, jibu kwa sentensi 2 au 3, nyamaza. Usilolijua sema hilo sikulifikia kwenye kusoma kwangu, ila naona linagusa kufuli ya pili, eleza kidogo unachokijua. Usitunge. Lekchara anajua ukitunga.

Na hili la kazi za grupu limeniuma kwa miaka mingi acha niliseme. Mnakuwa watu 6, mmoja ana sauti na Kiingereza basi kila asaimenti anapresenti yeye, mmoja anataipu, wengine wanaandika majina. Mnapata maksi sawa na mnamaliza miaka miwili ya diploma kuna watu hawajawahi kusimama, alafu intavyu ya kazi ndo inakuwa mara yao ya kwanza. Kwenye grupu lako omba sehemu fupi kila mara, hata ni kufungua tu kwa dakika moja, usikubali kuachiwa kutaipu. Mkiwa hosteli Jumapili andikeni mada kwenye vikaratasi, mtu anachomoa, anapewa sekunde 30 za kufikiri na dakika 2 za kuongea, mwingine anahesabu zile "eeh" na "yaani" zake. Vilabu vya Toastmasters, vya watu wanaojifunza kuhutubia, vinafanya mchezo kama huo, wameanza California mwaka 1924 na Dar vilabu vyao vipo, lakini vikaratasi havihitaji kiingilio.

Kitu kimoja nitofautishe. Kama kukatika kwako ni kigugumizi cha tangu utoto, kinachokuja hata ukiongea na mama yako jikoni, hiyo ni habari nyingine na haitibiwi kwa kujipa moyo. Mfuate lekchara kabla, mweleze, omba uongezewe muda, ni haki yako kuomba. Kwa ulivyoandika sidhani kama ndo hivyo, nimesema kwa ajili ya wengine wanaosoma.

Nilitaka kusahau, na lilipaswa kuwa juu kabisa. Hizo maksi 15 zimegawanywaje? Karibu kila lekchara ana karatasi ya kusahihishia, kiasi fulani maudhui, kiasi mpangilio, kiasi sauti na macho, kiasi muda, na mara nyingi wanafunzi wanahangaikia lafudhi ambayo kwenye hiyo karatasi haina hata maksi moja. Kaiombe Jumatatu asubuhi, kabla hujafungua slaidi ya kwanza.